Kabari Iliyopita Motoni

Dorika hakuwa na baba. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakuwa na kaka wa kushika shoka. Hakuwa na sare ya pili, kwa hiyo aliifua ile moja jioni na kuivaa asubuhi ikiwa bado na unyevunyevu begani. Hakuwa na viatu vya masika wala vya kiangazi. Hakuwa na taa yenye chimni nzima. Yao ilizibwa ufa kwa karatasi. Na zaidi ya vyote, jambo lililomuudhi kila siku, hakuwa na nguvu za kupasua gogo la mtundu, ule mti mgumu wa porini.

Alichokuwa nacho ni jina. Mtaani kwao Itigi watu walisema, "Mtume Dorika dukani, hatakula chenji yako." Shuleni Mwalimu Aneth alimwachia ufunguo wa kabati la vitabu. Jina hilo Dorika hakulinunua wala hakulitafuta. Lilikua naye tu, na kwa sababu hiyo hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kupotea.

Kila siku aliamka jogoo wa pili akamsaidia mama yake, Anastazia, kukanda unga. Zamani mkate wa kuuza ulitoka mjini kwa kibali, ukafika Itigi umekauka, na aliyeupata alijiona mtu mkubwa. Kisha yakaja mageuzi ya biashara. Mwenye unga na tanuri akaruhusiwa kuoka, na mwenye miguu akaruhusiwa kuuza. Anastazia alijenga tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akajifunza hamira kwa kuharibu mikate mingi, na sasa treni iliposimama Dorika alipita chini ya madirisha ya mabehewa na sinia kichwani. "Mkate wa moto! Mkate laini! Mzee, hata kama huna meno, huu utautafuna!" Abiria walicheka, wakanunua.

Lakini tanuri hula kuni kama ng'ombe anavyokula majani. Kuni zilizokwisha kupasuliwa ziliuzwa ghali. Gogo zima, lililoletwa kwa mkokoteni wa punda kutoka porini, lilikuwa nafuu. Kwa hiyo Anastazia alinunua magogo, na kabari ya kuyapasulia akaenda kukodi kwa Mzee Hezekia.

Mzee Hezekia alikuwa mfua vyuma katika karakana ya reli. Wafanyakazi walipopunguzwa alirudi nyumbani akiwa na fuawe kuukuu, lile pande la chuma la kufulia vyuma, akajenga kibanda cha uhunzi, na kutokana na springi za malori yaliyokufa akafua majembe, mashoka na kabari. Kabari zake zilikuwa mbili: vipande vya chuma vya urefu wa kiganja na nusu, vinene upande mmoja na vyembamba kama ulimi upande wa pili. Ukiweka ncha kwenye ufa wa gogo na kugonga kwa nyundo kubwa, gogo lilifunguka lenyewe. Hakuna aliyekuwa na kabari nzuri kama zile toka stesheni mpaka sokoni.

Mzee huyo alikuwa mjane na hakupenda kupika. Ujira wa kabari kwa kina Dorika ulikuwa mkate mmoja wa asubuhi. Masharti yake aliyasema kila mara, hata kwa mtu aliyekodi jana yake.

"Usiigonge kwa kisogo cha shoka, tumia nyundo yangu. Usiiache nje ikaloweshwa na umande. Na usiisogeze karibu na moto, hata moto wa kupashia uji."

Kisha kulikuwa na desturi yake ya kupokea. Ukirudisha kabari aliipokea kwa mikono miwili na kukuuliza, "Una neno?" Hapo ulitakiwa kutaja lolote lililoipata. Kama hakuna, ulijibu, "Sina neno," na mambo yakaishia hapo. Aliyekiri kuharibu hakutozwa kitu. Alikaa tu akavuta mivukuto ya kupulizia moto mpaka chombo kikatengenezwa, huku Mzee Hezekia akimsimulia habari za injini za moshi.

*

Jumamosi moja ya kiangazi Anastazia alipanda treni kwenda Manyoni kununua unga. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Dorika rundo la magogo.

"Pasua haya membamba tu, mwanangu. Lile lenye fundo liache. Gervas akitoka kwenye matofali yake nitamwomba atupasulie."

"Ndiyo, mama."

"Nasema liache. Unanisikia?"

"Nimesikia, mama. Nitaliacha."

Na kwa kweli alitaka kuliacha. Alipasua membamba yote kwa kabari moja aliyoikodi, akapanga kuni vizuri ukutani. Alikuwa anajifuta jasho wakati Shukuru, mvulana wa nyumba ya jirani aliyesoma naye darasa la sita, alipoinua kichwa juu ya ua wa miiba.

"Hongera, fundi! Umetengeneza njiti za kiberiti?"

"Shukuru, nenda kachote maji, mama yako anakungoja."

"Naenda. Lakini naona umemwogopa yule mkubwa." Alinyoosha kidole kwenye gogo lenye fundo. "Limekaa hapo linakutazama. Linasema, 'Huyu msichana wa mikate, atanifanya nini?'"

"Mama amesema niliache."

"Ehee! Mama amesema!" Shukuru aliiga sauti yake, akacheka, akaenda zake na ndoo ikigongagonga gotini.

Dorika alilitazama gogo. Kweli lilikuwa kama linamtazama. Alijiambia atapiga mara moja tu kuona. Akaiweka kabari pembeni mwa fundo, akagonga. Ikaingia kidogo. Akagonga tena, ikaingia zaidi, na moyo wake ukafurahi. Akagonga kwa nguvu zake zote mpaka kabari yote ikazama, ikabaki kichwa tu. Gogo halikupasuka. Lilifumba mdomo, likaimeza kabari.

Aliivuta, haikutoka. Aliitikisa kwa mtaimbo, haikusogea. Alijaribu kuchimba kando yake kwa panga, panga likateleza na kumkwaruza kidole. Jua lilikwisha kuegemea magharibi, na Mzee Hezekia hakupenda chombo chake kilale ugenini.

Hapo Dorika angeweza kufanya jambo jepesi. Angekwenda kibandani akasema, "Babu, imenasa." Mzee angekuja na kabari ya pili, akafungua gogo upande mwingine, na maneno yangekwisha. Lakini mama angejua amevunja amri. Na Shukuru angejua amelishindwa gogo. Akaona njia fupi zaidi: kuni huliwa na nini kama si moto? Gogo likiungua, kabari itadondoka yenyewe.

Alilisukuma gogo mpaka mdomoni mwa tanuri, akalipangia vijiti chini, akawasha. Moto wa mtundu ni mkali. Baada ya muda fundo liligeuka kuwa makaa, na Dorika akaichokoa kabari kwa mti wa kuchokolea tanuri. Ilitoka nyekundu kama pilipili iliyoiva. Aliogopa kuiona hivyo. Akachukua ndoo ya maji ya kisima, akaimwagia yote.

Kabari ilipiga ukelele. Mvuke ulimfunika uso. Ulipotoweka, kabari ilikuwa imelala kwenye tope, nyeusi, na rangi ya bluu ikitambaa ubavuni mwake.

Dorika aliisugua kwa mchanga. Akaisugua kwa majivu. Akaisugua mpaka vidole vikawaka, kisha akaipaka mafuta ya ng'ombe ili ing'ae na rangi isionekane. Alipoitazama ilikuwa kabari ileile. Hakuona hata ufa mmoja. Akajiambia, "Haijawa kitu."

Kibandani, Mzee Hezekia alikuwa anafagia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepasua yote? Mikono hiyo itakuwa ya mhunzi muda si mrefu." Aliipokea kabari kwa mikono miwili. "Una neno?"

Dorika alitazama mlango. "Sina neno, babu."

"Na umeipaka mafuta! Watu wazima wananirudishia chombo kina tope, mtoto anakileta kimepakwa mafuta." Aliitupia kabari kwenye kasha bila kuigeuza. "Za wengine huwa nazikagua. Ya kwako siitazami kabisa."

Dorika alirudi nyumbani akitembea upesi, kama mtu anayefukuzwa. Mama yake aliporudi aliuliza gogo la fundo liko wapi.

"Nimelipasua, mama. Limekwisha kuingia tanurini."

"Wewe? Peke yako?" Anastazia aliweka chini gunia la unga, akamshika mabega, akacheka kwa furaha. "Basi nimepata mtoto wa kiume!"

Dorika naye akacheka. Kisha akaenda kuyazoa majivu kabla hajaulizwa zaidi.

*

Jumatatu Gervas, mfyatua matofali wa mtaani kwao, alikodi kabari ile kabla jua halijachomoza. Alikuwa na tanuru la kuchomea matofali, na magogo yake yalikuwa manene kuliko mapipa.

Dorika alikuwa darasani. Wakati wa mapumziko Shukuru alikuja mbio uwanjani.

"Mmesikia? Kabari ya Mzee Hezekia imepasuka! Gervas kapiga mara ya kwanza, ya pili, ikavunjika pa! Kipande kikaruka kikamwingia pajani. Damu! Wamempeleka hospitali ya misheni kwa mkokoteni, mke wake Eliana anakimbia nyuma bila viatu."

"Chuma kinavunjikaje?" aliuliza mtoto mmoja.

"Chuma cha mzee kipofu! Kinavunjika kama biskuti!"

Wote walicheka isipokuwa Dorika. Masikio yake yalisikia maneno hayo kwa mbali, kama ya mtu aliyezama majini. Alikuwa anaona rangi ya bluu ikitambaa ubavuni mwa kabari.

Kipande kilitolewa, na Gervas hakufa wala hakukatwa mguu. Lakini hakuweza kusimama. Dada yake alikuja kumchukua akamuuguze kwake Mandewa, mjini Singida, na kabla ya kuondoka Gervas alisema mbele ya watu, akiwa amelazwa kwenye gari, "Nikipona nitampeleka Mzee Hezekia baraza la kata. Anakodisha watu vifo."

Maneno hayo yalibaki Itigi yakafanya kazi yenyewe. Mwanamke aliyeagiza jembe akaenda kudai arudishiwe fedha yake. Mwingine alirudisha shoka ambalo halikuwa na kasoro yoyote. "Heri jembe la dukani," walisema, "haya mapya yanayotoka ng'ambo." Watoto waliopita karibu na kibanda waliimba, "Hezekia, Hezekia, chuma chake biskuti!" Na mmoja wa waliotunga wimbo huo alikuwa Shukuru. Alimpiga Dorika kwenye bega. "Imba basi! Mbona umenuna?"

Siku hiyo Mwalimu Aneth alimpa ufunguo wa kabati kama kawaida. Dorika aliificha mikono nyuma.

"Mpe mwingine, mwalimu."

"Kwa nini? Wewe ndiye ninayekuamini."

"Mpe mwingine tu, tafadhali," alisema Dorika, na mwalimu akashangaa kuona machozi kwa ajili ya ufunguo.

Anastazia, ambaye hakupenda kumwona jirani anaachwa peke yake, alimtuma Dorika apeleke mkate kwa Mzee Hezekia. Dorika alimkuta ameketi mbele ya moto uliozimika. Mapajani mwake mlikuwa na vipande viwili vya kabari.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huo mkate rudi nao. Mkate ni ujira wa kabari, na kabari sikodishi tena."

"Mama kasema ni wa bure."

"Basi uweke." Hakuutazama. Alikuwa anatazama mahali chuma kilipovunjikia. "Njoo uone. Unaona punje hizi? Kubwa, nyeupe, kama chumvi ya mawe. Chuma cha namna hii kilikuwa kimewaka sana kikazimwa ghafla. Kinakuwa kigumu kama kigae, na kama kigae kinapasuka. Mwezi uliopita kabari hii niliinoa upya, nikaitia moto, nikaizima. Miaka yote naizima kwenye mafuta, kisha nairudisha motoni kidogo ipoe polepole. Nilidhani nimefanya hivyo. Kumbe sikufanya."

"Babu, labda..." Dorika aliuweka mkate juu ya benchi.

"Labda nini?"

"Labda gogo lilikuwa gumu sana."

"Gogo halina kosa. Kosa ni la jicho langu. Mhunzi asiyeona rangi ya chuma ni sawa na dereva asiyeona barabara. Ashuke kabla hajaua mtu." Alivifunika vipande kwa kitambaa, kama anayefunika mgonjwa. "Kesho kutwa Laurian, yule mnunuzi wa vyuma chakavu, atapita na lori lake. Nimekubaliana naye. Fuawe litakwenda, na mivukuto, na kila kitu. Mimi nitakwenda Mkiwa kwa binti yangu Damari, nikachunge mbuzi. Mbuzi akianguka havunjiki vipande." Alijaribu kucheka kidogo.

Dorika alitoka nje. Alitaka kurudi na kusema. Aligeuka kabisa, akafika mlangoni, akaona mgongo wa mzee ulivyoinama, akaondoka. Nani angemtazama tena? Angepita wapi mtaani? Chakula cha jioni alimsogezea mama yake, akaenda kulala mapema.

*

Lori la Laurian lilikuja saa ambayo Dorika alikuwa anaelekea stesheni na sinia la mikate. Aliliona limesimama mbele ya kibanda, mlango wa nyuma umefunguliwa. Mivukuto ilikwisha kupakiwa. Vijana wawili walikuwa wanalibingirisha fuawe juu ya mbao, na Mzee Hezekia amesimama kando akiwa amevaa koti lake la kazi la zamani, lile la karakana, lililopigwa pasi.

Ni koti lile lililomshinda Dorika. Mtu havai koti la heshima kwa kuuza chuma chakavu. Anavaa kwa mazishi.

Aliliweka sinia chini, mahali pale pale barabarani, akakimbia, akalikumbatia fuawe kwa mikono miwili.

"Wee mtoto, sogea!" alifoka Laurian. "Tutakuponda vidole!"

"Msilichukue!"

"Dorika, una nini?" aliuliza Mzee Hezekia. "Acha wafanye kazi yao."

"Si wewe, babu. Ni mimi." Alisema akiwa ameinamisha uso kwenye chuma, kwa sababu hakuweza kumtazama mtu. "Kabari ilinasa kwenye gogo. Nikalichoma gogo na kabari imo ndani. Ikawaka. Nikaimwagia maji."

Vijana waliacha kusukuma. Watu waliokuwa wanapita, na watu hawakosekani palipo na lori, walisimama. Shukuru alikuwa miongoni mwao, na ndoo yake.

Mzee Hezekia alisogea. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa Dorika.

"Iliwaka rangi gani?"

"Nyekundu. Nyekundu sana, kama pilipili."

"Maji ulimwaga kidogokidogo, au yote?"

"Yote. Ilipiga kelele. Kisha ikawa na rangi ya bluu, nikaisugua kwa mchanga na majivu. Nikaipaka mafuta ili usione."

Mzee alifanya jambo ambalo Dorika hakulitegemea: aliinua mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku mbele ya macho yake, akitazama vidole, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

"Kumbe nilifanya sawa," alisema polepole. "Kumbe jicho bado lipo."

Dorika akadhani amesamehewa. Lakini mzee alipomgeukia, uso wake ulikuwa mkali kuliko alivyowahi kuuona.

"Umeniacha nikauchukia mkono huu. Ulikuja hapa na mkate, nikakuonyesha vipande, ukaniambia gogo lilikuwa gumu. Mjukuu wangu, hapo ndipo uliponiumiza."

Dorika alilia palepale, mbele ya Laurian na vijana na Shukuru na kila mtu, na hapakuwa na mahali pa kuficha uso.

"Laurian, shusha mivukuto," alisema mzee. "Samahani kwa usumbufu. Chukua springi zile mbovu za nyuma ya kibanda, nyingine siuzi."

"Mzee, nimetoka mbali—"

"Na utarudi mbali. Shusha."

*

Anastazia aliambiwa siku hiyohiyo, na Dorika mwenyewe ndiye aliyemwambia, Mzee Hezekia akiwa ameketi kando kama shahidi. Mama hakumpiga. Aliuliza tu, "Hata lile gogo hukulipasua?" Dorika akatikisa kichwa. Anastazia alikwenda kukanda unga ambao haukuhitajiwa, akaukanda kwa ngumi, mgongo ameupa mlango. Dorika angependa zaidi fimbo.

Kisha walikwenda wote watatu kwa Eliana, mke wa Gervas. Eliana alikuwa anafyatua matofali peke yake, mtoto mgongoni, tope mpaka viwikoni. Dorika alisimulia tena, mwanzo mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya tatu, na haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Eliana alimtazama bila kuacha kazi. "Mimi nimemtukana mzee huyu kisimani," alisema, "mbele ya wanawake wote."

"Yameisha hayo, mama," alisema Mzee Hezekia.

"Hayajaisha. Nitakwenda kisimani kulekule niyarudishe." Alimgeukia Dorika. "Wewe sina la kukuambia leo. Nikisema nitasema vibaya. Ndoo ile pale, udongo umeanza kukauka."

Dorika aliinua ndoo. Tangu siku ile, kila alipomaliza kuuza mikate, alichota maji ya kukandia udongo mpaka tanuru la Gervas likajaa matofali. Shukuru alimwona, akasimama, akakuna kichwa. Dorika alingoja kejeli. Badala yake Shukuru aliishika ndoo ya pili.

"Ni mimi niliyekuchokoza juu ya lile gogo," alisema. "Na wimbo ule wa biskuti ni mimi."

"Gogo nililigonga mwenyewe," alijibu Dorika.

"Ndiyo, lakini wimbo ni wangu. Twende, kisima kinajaa watu."

Eliana alitimiza ahadi yake kisimani, na kwa kuwa kisima husikika kuliko redio, wateja walianza kurudi kibandani, wengine wakijifanya walikuwa safarini tu. Moto wa Mzee Hezekia uliwaka tena. Lakini Gervas alikuwa bado Mandewa, mguu umefungwa, akimsimulia kila mgeni aliyemjulia hali jinsi mzee wa Itigi alivyomkodisha kifo.

"Niende nimwambie, babu?" aliuliza Dorika.

"Mandewa si hapa. Na mimi nikienda atasema najitetea. Andika. Mimi nilijifunza kuandika nikiwa na mvi, katika masomo ya jioni, ili siku ya haja nisimtafute mtu wa kunisemea. Wewe umefundishwa mapema. Andika."

Dorika aliandika kwenye benchi la kibanda. Alimsomea mzee: "'Mpendwa Bwana Gervas, shikamoo. Natumaini hujambo mguu. Bahati mbaya kabari iliingia motoni—'"

"Iliingia kwa miguu yake?" aliuliza Mzee Hezekia, akigonga jembe.

Dorika alikata mstari. Aliandika upya, akasoma kwa sauti ndogo: "'Mimi Dorika niliitia kabari motoni. Kisha nikamwambia Mzee Hezekia kwamba sina neno. Yeye hakujua. Chuma chake kilikuwa kizuri mpaka nilipokiharibu mimi. Maumivu yako yametoka kwangu, na nakuomba msamaha. Ukisema habari hii kwa watu, tafadhali taja jina langu, usitaje lake.'"

Nyundo ilinyamaza. Anastazia, aliyekuwa ameleta mkate na kukaa mlangoni, alisema kwa upole, ndio upole wa kwanza tangu siku ile, "Sasa hiyo ni barua."

"Nisikilize, Dorika," alisema Mzee Hezekia. Aliweka nyundo chini, akajifuta mikono. "Kila mtu anaharibu chombo. Mimi nimeharibu vingi vya reli, na vingine vikubwa kuliko nyumba hii. Ungeniambia jioni ile, ningeirudisha kabari motoni kidogo, ikapoa, wewe ukavuta mivukuto, tukala mkate. Gervas angekuwa anatembea. Moto haukumwumiza Gervas. Kilichomwumiza ni kimya chako. Uaminifu maana yake si kutokosea kamwe; hakuna mtu wa hivyo. Maana yake ni kulisema kosa upesi likiwa bado mikononi mwako, kabla halijaenda kumwangukia mwingine."

"Nimeelewa, babu."

"Utaelewa vizuri zaidi ukishaituma."

Eliana alikuwa amewapa anwani: sanduku la posta la parokia anakosali dada yake Gervas. Dorika aliiandika kwa herufi kubwa, kisha akaandika jina lake mwenyewe nyuma ya bahasha, lote, lisomeke. Gundi ya bahasha ilikwisha kukauka kwa joto. Mama yake alichovya kidole kwenye maji na unga wa ngano, akaukoroga kiganjani ukawa mzito, akampa. Dorika aliupaka ukingoni, akakunja karatasi, akaibana kwa viganja viwili mpaka ikashika.

Posta palikuwa na watu, na baadhi walimtambua. Mmoja alimnong'oneza mwenzake. Dorika alisikia uso unawaka, lakini hakuinama. Alibandika stempu, akaisukuma bahasha kwenye mdomo wa sanduku, akaishikilia kidogo kwa ncha za vidole. Kisha akaiachia.